Taimingi ya Triumph Bonneville 650 baada ya ovaholi: dalili, chanzo na pa kuanzia

Wakuu habari za kazi. Hii naiandika kwa yeyote aliyefungua Triumph 650 ya zamani akaifunga upya halafu ikaanza visa. Naongelea hasa Bonneville T120 za 1963 mpaka 1970, zile ambazo injini na giaboksi vimekaa kwenye bodi moja, zilizotengenezwa Meriden kule Uingereza. Huku kwetu sio nyingi ila zipo, zingine zimelala magodauni miaka na miaka zikisubiri mtu mwenye moyo, na ukienda Nairobi pale Ngong Racecourse siku ya Concours d'Elegance, mashindano yanayofanyika toka 1970, unaona kabisa kwamba watu wanazipenda pikipiki za zamani na wanazihangaikia.

Sasa shida inakuwaga hivi. Injini imefungwa, kila kitu kipya, pistoni mpya, ringi mpya, valvu zimesagwa, ukipiga kiki inatema moto kwenye kabureta au inakurudishia kiki mpaka goti linauma, au inawaka vizuri tu lakini haina nguvu na paipu za ekzosi zinageuka bluu ndani ya nusu saa. Wengi wanakimbilia kabureta, wanafungua Amal (ndo kabureta za pikipiki hizi) mara tano wanabadili jeti, na tatizo halijawahi kuwa huko. Kwenye injini iliyotoka ovaholi mimi kabureta naigusa mwisho kabisa, na mpangilio wangu siuvunji: tapeti (nafasi ya valvu), taimingi ya valvu (zifunguke na kufunga muda gani), gepu ya platini (zile pointi zinazokata umeme wa koili ili plagi itoe moto), taimingi ya moto (plagi itoe moto muda gani), ndo kabureta. Sababu ni kwamba kila hatua inategemea iliyotangulia. Ukibadili gepu ya platini umeshahamisha taimingi ya moto hata kama sahani inayobeba platini hujaigusa, ukiwa na tapeti iliyobana hakuna kipimo cha valvu utakachopima kikawa cha kweli.

Kitu kingine cha kushika toka mwanzo: alama zilizogongwa na kiwanda usiziamini mpaka uzihakikishe. Pikipiki hizi zina zaidi ya miaka 50, zimepita mikono mingi, unakuta krankshafti ya pikipiki moja, rota (ile sumaku ya kuchajia inayozunguka na krankshafti) ya nyingine, kava la pembeni limetoka kwingine kabisa, kwahiyo ile alama unayoiona na kile kipointa vinaweza visiwe vimewahi kukaa injini moja hata siku moja.

Tafuta topu ya kweli

Topu maana yake pistoni iko juu kabisa. Kuna watu wanatumbukiza bisibisi kwenye tundu la plagi wanaangalia ikisimama, kwenye Triumph hii sio njia nzuri manake tundu la plagi limelala kwa pembe, bisibisi inateleza, na pistoni ikifika juu inakaa digrii kadhaa bila kuonekana inasogea. Fanya hivi. Chukua plagi mbovu, toa ile kaure ya ndani, pitisha bolti ndefu yenye ncha ya mviringo, hicho ndo kizuizi chako. Funga sahani ya digrii kwenye ncha ya krankshafti upande wa kushoto penye rota, weka waya mgumu kama kipointa, kisha pistoni ikiwa imeshuka kiasi na valvu za silinda hiyo zote zimefunga, funga kizuizi. Zungusha kwa mkono taratibu mpaka pistoni iguse, andika digrii, rudisha upande wa pili mpaka iguse tena, andika. Katikati ya hizo namba mbili ndo topu. Usitumie nguvu hapo hata kidogo, unagusa pistoni mpya.

Ukishaipata topu ya kweli, angalia alama ya rota inasemaje. Rota za Lucas, watengenezaji wa vifaa vya umeme vya pikipiki hizi, zina ugonjwa wake: kile kiini cha chuma cha katikati kinaachia kutoka kwenye sehemu ya nje yenye sumaku, rota inazunguka kidogo juu ya kiini chake, alama inahama, na wewe unaseti kwa taa ya taimingi kila wiki hujui kwanini haitulii. Ishike kwa mikono miwili ujaribu kusokota, ikicheza hata kidogo tupa. Saa ingine inatoa na mlio wa kugonga upande wa praimari (kushoto, penye cheni ya klachi), watu wanadhani beringi ya krankshafti imekufa wanafungua injini nzima bure.

Dalili ya kwanza: haiwaki, inatema moto kwenye kabureta au inapiga risasi kwenye ekzosi

Hii ndo inayosumbua wengi baada ya ovaholi kwahiyo nitakaa nayo.

Elewa injini ilivyo. Pistoni zote mbili zinapanda pamoja na kushuka pamoja, ila moja ikiwa juu inamalizia kompresheni, mwenzake iko juu inamalizia kutoa moshi na valvu ya kuingiza inaanza kufunguka. Kwahiyo ukikosea nani apate moto muda gani, moto unapigwa kwenye silinda ambayo valvu zake ziko wazi, na mchanganyiko unaoingia unawakia pale pale mlangoni, ndo unaona kabureta inatema. Plagi zinatoa moto safi, mafuta yapo, kompresheni ipo, na haiwaki.

Chanzo kinaweza kuwa rahisi tu, waya za plagi zimebadilishana. Zibadilishe ujaribu, haigharimu kitu. Au zile waya mbili zinazotoka kwenye platini, nyeusi yenye mstari mweupe na nyeusi yenye mstari wa njano, zimeungwa koili siyo, hasa kama waya zimetengenezwa upya na rangi hazikufuatwa. Au ile advansi, kifaa chenye vyuma viwili na springi kilichokaa nyuma ya platini, kimefungwa nusu mzunguko kwenda upande mwingine. Advansi inakaa kwenye ncha ya kamshafti ya ekzosi, kamshafti inazunguka mara moja kila krankshafti ikizunguka mara mbili, ukiifunga kinyume unapata matokeo yale yale ya waya kubadilishana.

Kuhakikisha, toa plagi zote mbili, weka gia ya nne, zungusha tairi la nyuma kwa mbele huku kidole gumba kimeziba tundu la silinda ya kulia. Ukisikia upepo unasukuma kidole kwa nguvu silinda hiyo iko kwenye kompresheni. Endelea mpaka karibu na topu uangalie ni platini gani inafunguka, halafu fuata waya yake kwa mkono, kwa mkono sio kwa macho, mpaka kwenye koili yake na plagi yake. Ikiishia silinda ya kushoto umepata jibu.

Ukiwa umehakikisha hayo yote na bado inatema, sasa nenda kwenye taimingi ya valvu.

Dalili ya pili: inawaka kwa shida, kiki nyepesi kuliko kawaida, haina nguvu popote

Upande wa kulia ndani ya kava kuna gia: ya krankshafti meno 25, ya katikati meno 47, na mbili za kamshafti meno 50 kila moja, ya mbele ni ekzosi na ya nyuma ni ya kuingiza. Alama za gia hizi zikishalingana mara moja, ukizungusha injini hazitalingana tena mpaka krankshafti izunguke mara 94. Hii inawatia watu presha sana, wanafunga vizuri, wanazungusha mara mbili kuhakikisha, alama haziko sawa, wanafungua tena wakidhani wamekosea. Hujakosea. Lile jino la ziada kwenye gia ya katikati ndo linafanya hivo makusudi ili meno yasilane sehemu moja.

Ila ukiruka jino moja kweli, hilo ni kosa kubwa, manake jino moja la kamshafti ni digrii 7.2, na kwa krankshafti ni mara mbili yake, digrii 14.4. Hapo injini itawaka lakini itakuwa goigoi, na upande mwingine valvu zinaweza kukaribia pistoni.

Kuna kipimo cha haraka ambacho nakipenda kwenye T120. Vipimo vya kiwanda ni kwamba valvu ya kuingiza inafunguka digrii 34 kabla ya topu na inafunga 55 baada ya pistoni kufika chini kabisa, ya ekzosi inafunguka 55 kabla ya chini na inafunga 34 baada ya topu, ukipima tapeti zikiwa na nafasi ya inchi 0.020. Ona 34 na 34. Maana yake pistoni ikiwa topu kwenye mzunguko wa kubadilishana hewa, valvu mbili za silinda hiyo zinatakiwa ziwe zimefunguka sawasawa. Seti tapeti zote kwa nafasi moja, leta silinda ya kulia topu wakati ya kushoto iko kwenye kompresheni, weka daili geji kwenye kila valvu usome imeshuka kiasi gani. Zikiwa sawa au zinakaribiana sana, kamshafti zako ziko vizuri. Ya kuingiza ikiwa imefunguka zaidi, kamshafti yake imewahi, au ya ekzosi nayo imewahi, na tofauti ya jino zima utaiona hata bila geji.

Ukihitaji kurekebisha kidogo tu, gia za kamshafti zina njia tatu za kii, ukibadili njia unahama sehemu ya jino badala ya jino zima. Na tafadhali, nati za gia za kamshafti zinafunguka kinyume, ni resi ya kushoto. Nimeona kamshafti nzuri kabisa zimekatwa resi kwa sababu fundi aliweka bomba refu kwenye spana akakaza akidhani anafungua.

Ukimaliza rudisha tapeti kwenye nafasi ya kawaida injini ikiwa ya baridi: inchi 0.002 ya kuingiza na 0.004 ya ekzosi, yaani milimita 0.05 na 0.10. Nafasi hizi ni ndogo na tapeti iliyobana inaacha valvu wazi kidogo, kompresheni inakimbia na utadhani ni taimingi.

Dalili ya tatu: inarudisha kiki, haikai sailensa, au sailensa inapanda yenyewe

Sailensa hapa ni injini ikinguruma yenyewe bila kufungua mafuta, sio ile ya ekzosi. Hapa karibu kila mara ni advansi. Kazi yake ni kuuwahisha moto injini inapokimbia. Kwenye T120 moto kamili ni digrii 38 kabla ya topu, na advansi ya digrii 12 za kamshafti inatoa 24 za krankshafti, kwahiyo ukipiga kiki unatakiwa uwe kwenye 14 hivi. Sasa kamu ndogo ya platini ikikauka mafuta kwenye shafti yake ikagandia mbele, unapiga kiki ikiwa kwenye 38 na mguu wako utajua. Toa kava, shika ile kamu kwa vidole, isokote upande inakozunguka kisha uiachie, inatakiwa irudi yenyewe kwa haraka mpaka mwisho. Ikirudi kivivu au ikabaki njiani, fungua, safisha kutu, tone la oili kwenye shafti, angalia springi kama zimevutika. Springi zilizolegea zinafanya injini iwahi kabla ya wakati, utaona kwa taa kwamba kwenye mizunguko 1,000 tu kwa dakika alama imeshafika 38.

Geuza na nyuma ya kifaa usome namba iliyogongwa. Advansi za Lucas zilitengenezwa kwa injini nyingi na zote zinaingia. Ukikuta ya digrii 10, hiyo ni 20 za krankshafti, ukiseti 38 injini ikikimbia, chini wakati wa kiki unabaki na 18, kiki inakuwa kali. Ya 15 ni 30, chini unabaki na 8, inawaka kirahisi ila sailensa inakuwa nzito na injini inapata joto ikiwa kwenye foleni. Ndo maana kila siku nasema iseti ikiwa imefunguka mwisho, sio chini, manake 38 ndo inayolinda pistoni barabarani.

Ukikuta oili kwenye chumba cha platini, sili iliyo nyuma yake imefungwa kinyume au imekatwa na kamshafti wakati wa kuvisha kava. Platini zenye oili zinaungua na moto unamisi, na hakuna kuseti kutakakosaidia mpaka sili ibadilishwe.

Kuseti moto wenyewe

Gepu kwanza, milimita 0.35 hadi 0.40 kwa platini zote mbili, kila moja ipimwe ikiwa imefunguka mwisho. Kisha funga advansi ikiwa imefunguka yote: legeza bolti ya katikati, sokota kamu mpaka mwisho, weka washa yenye tundu kubwa kidogo iibane kamu isirudi, kaza. Leta injini digrii 38 kabla ya topu kwa silinda ya kwanza, kila mara ukizungusha kwa mbele, ukipitiliza rudi nyuma sana uje tena mbele ili mchezo wa gia uishe.

Sasa unahitaji kujua sekunde platini inafunguka. Balbu ya volti 12 waya mmoja kwenye platini mwingine kwenye bodi, swichi imewashwa, platini ikifunga balbu inazima na ikifunguka inawaka. Kama huna balbu, kata kipande cha karatasi ya sigara, kibane kati ya platini, kivute kwa vidole viwili kidogo tu kama unataka kukichomoa bila kukichana, huku unasogeza sahani polepole. Kinang'ang'ania, kinang'ang'ania, halafu ghafla kinateleza chenyewe. Hapo hapo. Kamu inazunguka kama mshale wa saa ukiitazama kutoka kulia, kwahiyo ukisogeza sahani kinyume na saa taimingi inawahi, ukifuata saa inachelewa.

Silinda ya pili ndo penye tofauti ya miaka. Injini za kabla ya 1968 zina sahani ya Lucas 4CA ambayo platini zote zimebebwa na sahani moja, huwezi kuhamisha ya pili peke yake, unachoweza ni kuongeza au kupunguza gepu yake kidogo mpaka ifunguke kwenye 38. Kuanzia 1968 kuna 6CA, kila platini ina kibao chake. Kama bajeti inaruhusu, weka 6CA.

Toa ile washa. Usiisahau humo ndani.

Hakikisha kwa taa ya taimingi injini ikiwaka, kama injini yako ina dirisha la kuonea rota. Taa iendeshe kwa betri nyingine sio ya pikipiki, na kumbuka pikipiki hizi chanya ndo iko bodi, sio hasi kama gari. Kufika mizunguko 3,000 alama inatakiwa iwe imetulia kwenye 38 na isiende mbele zaidi. Alama ikirukaruka, ama advansi haijakaa sawa kwenye ncha ya kamshafti, ama kamu inayumba, ama kondensa imechoka. Kama umeweka moto wa elektroniki, angalia volti ya betri kabla hujalaumu kitu, betri dhaifu inafanya mifumo mingi ya hivyo imisi utadhani taimingi, na ukiunga hasi bodi mfumo uliotengenezewa chanya umeshaua boksi.

Dalili ya nne: inawaka vizuri, ila paipu bluu, joto kali, au inagonga kwenye mlima

Paipu bluu mara tu baada ya kuwasha ni moto umechelewa, au mchanganyiko mwepesi, au hewa inaingia kwenye manifoldi. Paipu moja bluu na nyingine safi, rudi kwenye platini ya silinda hiyo kabla ya kabureta, kisha angalia kama kabureta mbili zinafunguka pamoja.

Kugonga kwa mlio mkavu ukifungua mafuta mlimani ni moto umewahi, punguza mafuta hapo hapo, usiendelee kwa sababu pistoni ya alumini inatoboka. Na hili watu wanalisahau: Nairobi iko juu kama mita 1,700, hewa ni nyepesi, silinda hazijai, kwahiyo taimingi iliyozidi digrii mbili tatu inavumilika. Ishushe pikipiki hiyo hiyo Mombasa au Dar, hewa nzito ya usawa wa bahari, inaanza kugonga. Na upande wa pili, iliyosetiwa kabureta Dar ikipanda Nairobi au Arusha inakuwa nzito ya mafuta, moshi mweusi, goigoi, dalili zinazofanana sana na moto uliochelewa. Huko ndo jeti inahusika, taimingi iache kwenye 38.

Baada ya safari za kwanza

Injini ikishapata joto na kupoa mara kadhaa kaza tena kichwa, ikiwa ya baridi, na ukishakaza pima tapeti upya manake zimebadilika. Platini mpya nazo zina kile kisigino cha fiba kinachopanda juu ya kamu, mwanzoni kinalika haraka, gepu inafunga na taimingi inachelewa pole pole bila wewe kugusa kitu, injini inapoteza uchangamfu na hujui ni lini. Weka grisi kidogo sana kwenye kamu, na ukifika kilomita 800 hivi fungua lile kava dogo la pembeni, fila geji, karatasi ya sigara, silinda zote mbili.